Dakika Saba Kabla ya Magharibi

Jang'ombe, Unguja
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo Mama, na mikono yako yote miwili naibusu kwa mbali. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea kwa mkono wa Shangazi umeitumia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na macho je? Najua barua hii utasomewa na Mwanaisha, kwa hiyo naye namsalimu hapa hapa na namwomba jambo moja: mdogo wangu, soma yote kama ilivyoandikwa. Usiruke mahali kwa kumwonea Mama huruma.

Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Saumu zinakwenda, tumo katika kumi la mwisho. Ningeweza kukupigia kwenye kile kisimu chako, lakini ukisikia sauti yangu imebadilika utaanza kulia, nami nitaanza kukutuliza, na neno lenyewe litabaki kooni. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, Mwamu mwenzetu, anasafiri Jumamosi kwenda kula Idd kwao Lamu. Yeye ndiye atakayekufikishia.

Neno lenyewe ni hili. Ile nyumba niliyokuahidi, ambayo ungekuja kukaa nami baada ya harusi ya Mwanaisha, huenda isipatikane. Na huenda Idd ikifika mimi mwenyewe nisiwe muadhini tena. Kosa ni langu, Mama. Hakuna aliyenionea.

Unakumbuka tulivyofikia uamuzi wa mimi kuja huku. Baba amefariki, chuo chake cha Kurani kimebaki na wanafunzi wanne, nami nimekaa barazani sijui nianzie wapi. Ukaswali istikhara wewe, nikaswali na mimi, na wiki haijaisha Mzee Makame akapiga simu: msikiti wao unataka muadhini mwenye sauti, awe na kusomesha watoto. Ukasema Mungu ametujibu. Mimi nilikubali, na ukitaka ukweli, nilijiona pia. Nilipanda basi la Mombasa kifua mbele kama mtu aliyetumiwa mwaliko kutoka mbinguni.

Mzee Makame unamjua, Mtumbatu rafiki yake Baba, ndiye imamu wetu na ndiye mkuu wa kamati ya msikiti. Alinisemea mbele ya watu, maana walikuwapo waliouliza kwa nini muadhini atafutwe Lamu na Unguja imejaa sauti. Aliyeuliza kwa ukali zaidi ni Bwana Khatibu, muuza vipuri vya baiskeli. Wakakubaliana nitazamwe mpaka Idd. Nikifaa, nipewe nyumba ndogo ya wakfu iliyo nyuma ya msikiti, vyumba viwili na ua. Hiyo ndiyo nyumba niliyokuwa nikikusimulia.

Mtaa wenyewe umenipokea. Wananiita Maalim, na watoto wa chuoni wanaigiza Kiamu changu mpaka nacheka na bakora mkononi. Ukuta kwa ukuta na msikiti anakaa Bi Zuwena, mjane, mtu wa makamo yako. Ana maradhi ya sukari na daktari amemkataza kufunga, lakini yeye husema daktari hatakuwapo kaburini kumjibia. Kila Magharibi ananiletea sahani, leo muhogo wa nazi, kesho tambi, na kaimati hazikosekani. Ana jambo moja analojivunia: tangu abaleghe hajapata kuingia Ramadhani akiwa na deni la Ramadhani iliyopita. Hulitaja hilo kama wengine wanavyotaja mahari zao.

Sasa nikueleze kosa.

Simu yangu ina programu ya kuadhini kila wakati wa sala unapoingia. Nilipofika Unguja sikuibadilisha, niliiacha kwenye saa za Lamu. Sikuwa nimesahau. Kwetu tuko mashariki zaidi, jua linatuchwea mapema, na Ramadhani hii tofauti ni dakika saba. Basi kila jioni simu ikilia najua: sasa Mama ameshika tende. Naizima, nasema bismillahi kwa niaba yako, kisha nangoja dakika zangu saba za huku ndipo niadhini. Ndiyo iliyokuwa futari yangu ya kwanza kila siku, Mama, na sikumwambia mtu.

Jumamosi iliyopita, mara tu baada ya Alasiri, mvua ilishuka kama iliyokuwa imezuiwa mwaka mzima. Umeme ukakatika. Saa ya msikiti ni ile ya nambari nyekundu, nayo ikazima. Sisi tuna betri ya gari kwa ajili ya kipaza sauti, misikiti ya jirani haina, kwa hiyo siku kama ile mtaa wote unanisikiliza mimi. Maji yakaanza kuingia mlangoni. Nikafunga kanzu kiunoni, nikawa huku nazoa maji kwa fagio, huku nakunja mikeka. Mzee Makame, ambaye hukaa ubavuni kwangu na saa yake ya mkononi, alikuwa bado hajafika. Nje giza limeshuka, jua hatukuwa tumeliona tangu saa tisa.

Simu ikalia mfukoni. Nikatupa fagio, nikakimbilia kipaza sauti, nikaadhini. Sijapata kuadhini vizuri vile tangu nizaliwe.

Nilipomaliza nikatia tende mdomoni, nikaitoa simu niizime. Kwenye kioo pameandikwa: Lamu.

Mama, tende ile sikuimeza wala sikuitema. Nilijua pale pale. Na wakati ulikuwapo wa kurudi kwenye kipaza sauti nikasema, jamani, zuieni, bado. Badala yake nikawatazama watu. Walikuwa wanakunywa uji, wanapeana sambusa, wanacheka na mvua. Mzee Makame akaingia ametota, akachukua tende sahanini bila hata kuitazama saa yake. Kidogo nikasikia kwa mbali muadhini mwingine, hana kipaza, sauti nyembamba ndani ya mvua.

Bwana Khatibu akasema, "Hao leo wamechelewa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Tulipokwisha swali, Bi Zuwena akaja mlangoni na sahani yake, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani. "Mwanangu," akasema, "leo sukari ilikuwa ishanishuka, nnaona kizakiza. Adhana yako imeniokoa." Nikampokea sahani. Nilitaka kumwambia, nikasema ahsante.

Siku tatu nikakaa na jambo hilo. Nilijitafutia kila udhuru unaoujua na usioujua. Nikasema ilikuwa mvua. Nikasema Bi Zuwena angeanguka. Nikasema Mungu mwenyewe amenisitiri, mimi ni nani nijifunue? Hilo la mwisho lilinikaa vizuri, maana lilikuwa na sura ya dini. Lakini kila nikishika kipaza sauti naitazama saa mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Muadhini ni mwaminiwa, ndivyo Baba alivyotufundisha: watu wanampa saumu zao na sala zao mkononi, hawamuulizi.

Jumapili Mzee Makame akanishika mkono akanipeleka kwenye ile nyumba. Ameng'oa mlango mbovu, ametia mwingine. Akasimama katikati ya chumba kile ambacho kingekuwa chako, akaniuliza, "Mama yako anapenda rangi gani, yakhe? Nnataka nipake kabla ya Idd."

Nikamjibu, "Kijani." Nisingeweza kutoa neno jingine.

Nikarudi nikaswali istikhara. Nimwombe nani kama si Yeye? Nikamwomba anionyeshe: niseme au ninyamaze. Siku ya kwanza sikuota kitu. Siku ya pili nikaota nimo dukani nanunua viberiti. Usicheke, Mwanaisha. Nilikaa asubuhi nzima naitafutia tafsiri ndoto ya viberiti.

Jana nikaenda Mji Mkongwe kwa sheikh mmoja mtu mzima ambaye watu humwendea kwa masuala yao. Hanijui. Nikamkuta barazani kwake na kitabu, nikamsalimu, nikakaa.

"Sheikh," nikasema, "mtu mmoja kaadhini Magharibi kabla ya wakati, kwa kukosea. Watu wakafuturu. Hukumu yao nini?"

"Saumu ya siku hiyo haipo. Wote wanailipa," akasema. "Keshawambia?"

"Bado. Anaswali istikhara."

Akavua miwani. "Istikhara ya nini?"

"Kama aseme au asiseme."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Istikhara ni ya jambo ambalo hujui heri yake iko wapi. Usafiri ama ubaki, umuoe huyu ama yule. Haki ya watu haiswaliwi istikhara. Huyo mtu keshaongozwa zamani. Anataka aongozwe mara ngapi?"

Akavaa miwani yake. "Na huyo mtu anaadhini msikiti gani?"

"Hajaniruhusu kusema, Sheikh."

"Haya. Mwambie Ijumaa haiko mbali."

Nimerudi kwa miguu kutoka Darajani mpaka Jang'ombe nikiwa na hasira, Mama. Hasira na nani, naona haya kukuandikia. Mimi nilidhani Mungu akikuongoza anakufungulia mlango, unaingia, basi, unakaa. Sikudhani kwamba anaweza kukufungulia kisha akakwambia ufunge kwa mkono wako mwenyewe. Alinipa kazi nilipokuwa sina, alinipa nyumba ya kukuweka, na sasa anachonitaka ndicho kitakachoniondoa kwenye vyote viwili. Baada ya dhiki faraja, tumelelewa kwa neno hilo na naliamini. Lakini leo faraja siioni, nakuona wewe peke yako katika nyumba yetu ya Lamu, Mwanaisha ameshachukuliwa na mumewe kwenda Mombasa, nawe unahangaika kulitafuta tundu la kufuli na macho yako hayo.

Nimeamua nitasema Ijumaa. Utaniuliza kwa nini si leo. Kwa sababu leo naogopa. Barua hii siifungi mpaka nijue nikuandikie nini.

Ijumaa, baada ya sala

Mama, nimesema.

Asubuhi nilikwenda kwanza kwa Mzee Makame, haikuwa adabu alisikie mbele za watu. Nilimkuta kwenye ua wa ile nyumba, suruali imejaa madoa ya rangi ya kijani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka brashi juu ya kopo.

"Siku sita," akasema. "Siku sita wanijia, wanipa mkono, waniitikia naam, na jambo hili umelilalia."

"Naam, Mzee."

"Mie ndiye niliyekuleta. Nshawambia watu huyu mtoto wa fulani, mwaminini. Leo ntawatazama vipi?" Akatembea akarudi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: "Nani mwengine anajua?"

Nilifahamu anachoniuliza. Nadhani na yeye alijifahamu, maana aligeuza uso. Halafu akasema, "Astaghfirullah. Panda useme mwenyewe. Mie sikusemei."

Sala ilipokwisha, watu hawajaanza kutafuta viatu, nikashika kipaza sauti. Msikiti umejaa mpaka nje kwa kuwa ni Ijumaa ya mwisho. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema tu: Jumamosi ile ya mvua niliadhini dakika saba kabla ya wakati. Nilifuata saa za kwetu Lamu kwenye simu yangu. Mimi nadaiwa siku moja, na kila aliyefuturu kwa adhana yangu anadaiwa. Nilijua siku ile ile na nilinyamaza. Naomba mnisamehe.

Feni zinazunguka, watu mia na zaidi wananitazama.

Bwana Khatibu akasimama. "Na siku nyengine? Tutajuaje hizo nyengine?"

"Siku nyingine zilikuwa sawa, Wallahi. Mzee Makame alikuwapo na saa yake."

"Wallahi yako ya leo, au ya Jumamosi?" akauliza.

Mama, nilistahili. Pakazuka kelele, huyu anasema mgeni ni mgeni tu, yule anasema angenyamaza nani angejua, mwingine anasema hivyo ndivyo, kwani nani alimlazimisha kusema? Mwanamume mmoja alitoka nje kwa hasira, akaacha kofia yake. Mimi nimesimama na kipaza sauti mkononi, sijui nikiweke wapi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, upande wa wanawake. Ilikuwa ya Bi Zuwena, hana haja ya kipaza.

"Enyi wanaume! Mnapiga kelele za nini? Siku moja! Mie mgonjwa ntailipa, nyie wazima imekushindeni? Deni ukilijua linalipika. Mie ningekufa nalo hili, nisijue, na huku najigamba." Kisha akaongeza, "Ila wewe mwana wa Kiamu, ulivyonipokea sahani yangu na ukanyamaza, hilo liko baina yangu na wewe."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mbele ya watu wote.

Mzee Makame akainuka. Akauchukua kwenye msumari wa ukutani ufunguo wa ile nyumba, aliokuwa ameshanionyesha kuwa ni wangu, akautia mfukoni mwake mbele ya watu. Akasema kuanzia leo Bwana Seif, fundi wa redio, ndiye atakayeadhini mpaka Idd. Akasema Alhamisi ya kwanza baada ya Idd mtaa mzima utafunga pamoja kulipa siku ile, na futari italiwa hapa msikitini. "Na siku hiyo ataadhini huyu," akasema. "Aliyetufuturisha kabla ya wakati ndiye atakayetufuturisha kwa wakati wake. Baada ya hapo kamati itakaa, iamue. Kabla ya hapo asiniulize mtu."

Hivyo ndivyo nilivyo sasa. Watoto nitaendelea kuwasomesha. Nyumba haipo, wala sijaambiwa kuwa haipo kabisa. Mwanaisha asiahirishe harusi kwa ajili yetu. Kama kamati itasema niondoke, nitarudi Lamu, nitakaa na wewe, na hao wanafunzi wanne wa Baba tutaanza nao. Kama itasema nibaki, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Naogopa bado, sitaki kukuficha. Lakini ile hasira niliyokuwa nayo Jumanne imeniondoka, na sikuitoa mimi. Nimeacha kumuuliza Mungu ananipeleka wapi. Nimemwambia nitafanya lile la leo ninalolijua, na la kesho anitazamie Yeye, maana ndiye aliyeahidi kwamba hamtupi anayemtegemea.

Nisalimie Shangazi, mwambie namdai samaki wa kupaka. Msalimie Mjomba wa Siyu na mkewe, na yule mama wa jirani anayekutekea maji, Mungu amlipe. Shemeji yangu mtarajiwa mpe salamu zangu na umwambie dada yangu hajui kupika tambi, asije akasema hakuambiwa. Na kaburi la Baba, ukipata wa kukushika mkono, nisalimie.

Nisamehe, Mama, kwa kukuahidi nyumba kabla sijaishika. Niombee Alhamisi ile.

Mimi mwanao anayeitaka radhi yako kuliko chochote,
Bakari

Ijumaa hiyo hiyo, baada ya Magharibi

Mama, nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeikunjua tena.

Leo nimefuturu katika safu, nimekaa kama watu wengine, mara ya kwanza tangu nifike huku. Sahani zikapangwa, kila mtu akashika tende yake. Bwana Seif akaadhini. Ana sauti ya kukwaruza, lakini aliadhini sawasawa na kwa wakati. Na hapana mtu aliyekula. Kila mmoja alitazama kwanza saa yake, au simu yake, au saa ya ukutani. Safu nzima, Mama, wazee kwa vijana. Walikuwa hawafanyi hivyo. Zamani wakisikia adhana tu, tende imeshaingia mdomoni. Nikajua nilichowaharibia ni zaidi ya siku moja, na hicho sijui kinalipwa kwa saumu ngapi. Nikainamisha kichwa, sikutaka kuona.

Ndipo nikasikia mtu ananigusa bega. Ni Bwana Khatibu, alikuwa amekaa nyuma yangu. Ameshaitazama saa yake, nilimuona, lakini tende bado iko mkononi.

"Maalim," akasema, "wakati umeingia?"

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama usoni, hakuwa anakejeli. Nikainua macho, wengine pia walikuwa wamegeuka, wananingoja. Nikaitazama saa ya ukutani, nikaitazama saa yake, nikatoka mpaka mlangoni nikaitazama mbingu yenyewe. Nikarudi.

"Umeingia," nikasema.

Wakala.